Mwanao yuko Alliance au Horde? Uliza anacheza na nani

Wali umeshapakuliwa na mchuzi unapoa. Mama anaita kwa mara ya tatu, na kutoka chumbani linakuja jibu lile lile: "Nakuja mama, dakika kumi tu." Dakika kumi zinafika arobaini. Anapofungua mlango anamkuta kijana wake wa miaka 15 amevaa hedifoni, macho kwenye kompyuta, anaongea Kiingereza na watu ambao mama hawaoni.

"Unaongea na nani saa hizi?"

"Kikundi chetu, mama. Sisi ni Alliance. Nikitoka sasa hivi wote wanakufa."

"Wafe tu. Chakula kinapoa."

Mama anachomoa waya ukutani. Usiku huo chakula kinaliwa kimyakimya, na asubuhi mtoto anaondoka kwenda shule bila kuaga.

Nyumba nyingi zenye kompyuta na intaneti zinaufahamu ugomvi huu, hata kama mchezo wa kwao una jina jingine. Mzazi anaona mtoto mkaidi anayepigana na mazimwi ya kuchora. Mtoto naye anaona mzazi aliyewaangusha wenzake tisa kwa kuchomoa waya. Ili wawili hawa wasikilizane, inafaa mzazi ajue angalau kidogo hizo Alliance na Horde ni kitu gani, ipi ina nguvu kuliko nyingine, na nguvu hiyo inatoka wapi. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalomsaidia zaidi nyumbani.

Ushabiki kama wa Simba na Yanga

Mchezo wenyewe unaitwa World of Warcraft. Ulitolewa Marekani tarehe 23 Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, na mwaka 2010 ulikuwa na wateja zaidi ya milioni 12 duniani. Maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika dunia ya kubuni iitwayo Azeroth, kila mmoja akiwa na mhusika aliyemtengeneza mwenyewe: jina lake, sura yake, kazi yake na silaha zake. Ulaya mchezo huu umepewa alama ya miaka 12 kwenda juu, na Marekani umewekwa katika kundi la vijana, yaani kuanzia miaka 13.

Kabla ya kuingia, mchezaji huchagua kambi, na zipo mbili. Alliance, maana yake muungano, ilianza na binadamu, mbilikimo wenye ndevu waitwao Dwarf, wengine wadogo zaidi waitwao Gnome, na Night Elf, watu warefu wa msituni wenye masikio marefu. Horde ilianza na Orc wa rangi ya kijani wenye meno yaliyochomoza, Troll, Tauren ambao ni kama fahali wanaotembea kwa miguu miwili, na Undead, yaani wafu waliofufuka. Baadaye jamii nyingine ziliongezwa pande zote mbili.

Usidhani kwamba Alliance ni wema na Horde ni wabaya. Hadithi ya mchezo inazipa kambi zote mbili mashujaa na madhalimu wao. Ushabiki wake unafanana zaidi na wa Simba na Yanga: mtu huingia upande mmoja kwa sababu kaka yake yuko huko au jirani alimtangulia, kisha hukaa huko miaka na miaka akiwatania wa upande wa pili.

Kwa muda mrefu mchezo wenyewe uliulinda utengano huo kwa nguvu. Mtu wa Alliance hakuweza kuongea na wa Horde. Maandishi ya upande wa pili yalifika yakiwa yamevurugwa kuwa lugha isiyoeleweka. Mchezaji wa Horde akiandika "lol" kuonyesha anacheka, wa Alliance aliona neno "kek". Vijana wakalichukua neno hilo na kulitumia nje ya mchezo, kwa hiyo ukiliona kwenye ujumbe wa mwanao usishtuke. Anacheka tu.

Vipaji vya kuzaliwa

Kijana akiulizwa kambi ipi ina nguvu, kwanza atataja vipaji vya jamii. Kila jamii ina uwezo wake wa asili, na hapo mwanzoni tofauti zilikuwa kubwa.

Katika mapigano ya mchezaji kwa mchezaji, Horde ilionekana kubarikiwa. Orc alikuwa mgumu kuduwazwa kwa pigo. Undead aliweza kujinasua mwenyewe kutoka kwenye uchawi wa hofu. Tauren alipiga mguu chini na maadui waliomzunguka wakapigwa butwaa. Alliance nao walikuwa na yao: Gnome alijichomoa kwenye minyororo, Night Elf alijificha gizani, na kuhani wa jamii ya Dwarf aliweza kumkinga mwenzake na hofu, kipaji kilichotafutwa sana katika vita dhidi ya mazimwi yanayotisha watu mpaka wakimbie ovyo.

Tofauti nzito zaidi ilikuwa kwenye kazi mbili. Paladin, mpiganaji mtakatifu anayewabariki wenzake, alipatikana Alliance peke yake. Shaman, mganga anayechomeka vigingi vya kichawi ardhini ili kuwaongezea wenzake nguvu, alipatikana Horde peke yake. Baraka za Paladin zilikisaidia kikundi kizima kudumu katika vita virefu, na kwa sababu hiyo wengi waliamini Alliance ndiyo yenye nafuu kwenye kazi kubwa za pamoja. Vigingi vya Shaman viliwafanya wapiga panga wa Horde kuwa tishio. Mabishano hayo yalidumu hadi Januari 2007, Blizzard ilipotoa nyongeza ya mchezo iitwayo The Burning Crusade na kuzipa kambi zote mbili Paladin na Shaman.

Mizani haikutulia hata hivyo. Mwaka 2008 binadamu wa Alliance walipewa kipaji cha kujinasua bila kuvaa kifaa maalumu ambacho wengine wote walilazimika kuwa nacho, hivyo wakabaki na nafasi ya kuvaa kitu kingine cha faida. Wapiganaji wengi wa ushindani wakageuka binadamu. Kwa upande mwingine, katika mashindano ya dunia ya kuangusha mazimwi makubwa, vipaji vya Troll na Blood Elf vilivutia wengi, na kwa miaka mingi vikundi vilivyokuwa mstari wa mbele duniani vilikuwa zaidi vya Horde.

Wengi wape

Mzazi akimsikiliza kijana wake mpaka hapo, anaweza kudhani jambo limekwisha: kambi yenye vipaji bora ndiyo yenye nguvu. Lakini kuna jambo ambalo vipaji haviwezi kulieleza.

Mchezo huu haukai kwenye kompyuta moja kubwa. Umegawanywa katika seva nyingi, kila moja ikiwa na nakala yake ya Azeroth na jina lake. Vipaji ni vile vile katika seva zote. Hata hivyo, seva ya Illidan huko Marekani ilifahamika kwa kujaa Horde, na seva ya Stormrage, huko huko Marekani, ikafahamika kwa kujaa Alliance. Kama nguvu ingetokana na vipaji peke yake, kambi moja ingetawala kila mahali.

Kilichotokea ni hiki. Kipaji kidogo kiliwavuta wachezaji wachache walio hodari sana. Wengine wakawafuata ili wacheze nao. Walipojaa, ikawa rahisi zaidi kupata wenzako upande huo kila saa ya siku, kwa hiyo wakaja wengine ambao hata vipaji hawakuvijali. Waliobaki upande wa pili wakajikuta wanatafuta watu kwa tochi, nao wakaanza kuhama mmoja mmoja. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe.

Wakati mwingine hata sura ilitosha kuwavuta watu. Katika miaka ya mwanzo Alliance ilikuwa na watu wengi zaidi kwenye seva nyingi, na wachezaji wenyewe walisema ni kwa sababu ina jamii zenye sura nzuri. Horde walipopata Blood Elf mwaka 2007, watu warembo kwa vipimo vya mchezo huo, wengi walivuka kwenda kwao.

Lakini kambi iliyojaa nayo ina shida yake. Mapambano rasmi huhitaji idadi sawa kila upande. Kambi yenye watu wengi ikaanza kusubiri foleni ndefu, kwa sababu hakuna wapinzani wa kutosha wa kupigana nao. Mwaka 2015 Blizzard ililazimika kuwaruhusu wachezaji wapigane kwa muda kama mamluki wa upande wa pili ili foleni zipungue. Mwaka 2018, ilipoweka utaratibu mpya wa mapigano ya uwanja wa wazi, waliojitokeza upande wa Alliance walikuwa wachache kiasi kwamba kampuni iliwaongezea zawadi ili kuwavuta.

Idadi ikiwa sawa

Ukitaka kuona nguvu nyingine ya kambi, tazama mahali ambapo idadi inalingana. Katika uwanja wa Warsong Gulch watu kumi wa Alliance hukutana na watu kumi wa Horde, kila upande ukijaribu kuiba bendera ya mwenzake. Katika Alterac Valley huwa arobaini kwa arobaini. Hapo wingi wa kambi haupo tena, na mara nyingi vipaji haviamui. Wanaoshinda ni wale wanaoongea: nani abaki kulinda, nani akimbie na bendera, nani amfunike anayekimbia.

Kazi za pamoja ziko hivyo pia. Wachezaji hujiunga katika kikundi cha kudumu kinachoitwa gildi, chenye viongozi, kanuni na ratiba. Gildi hupanga siku za kwenda kuangusha mazimwi makubwa, na safari hiyo huitwa reidi. Zamani ilihitaji watu hadi 40. Siku hizi kiwango kigumu kuliko vyote huchezwa na watu 20 kamili, na viwango vyepesi huweza kuchezwa hata na kumi.

Ndani ya reidi kila mtu ana wajibu wake. Wapo wabeba ngao wanaosimama mbele ya zimwi ili liwapige wao. Wapo washambuliaji. Na wapo waponyaji, wanaotazama afya ya wenzao kwenye kioo na kuirejesha kabla haijafika sifuri. Katika kikundi cha kumi waponyaji mara nyingi huwa wawili tu. Mmoja akitoweka ghafla, mwenzake anaelemewa, mbeba ngao anaanguka, kisha zimwi linawamaliza waliobaki.

Kwa hiyo kijana aliyesema "wote wanakufa" hakuwa anatia chumvi. Alikuwa mponyaji. Hilo halimpi ruhusa ya kuacha chakula kipoe kila siku, lakini linaeleza kwa nini alikasirika kiasi kile: mbele ya watu waliomtegemea ameonekana mtu asiyeaminika.

Ugonjwa haukuuliza kambi

Tukio moja linaonyesha vizuri mipaka ya vipaji na kambi. Septemba 2005 Blizzard iliweka zimwi jipya liitwalo Hakkar, ambalo liliwaambukiza wapiganaji wake ugonjwa wa damu. Ugonjwa huo ulikusudiwa kubaki ndani ya pango la zimwi. Kwa kosa la programu, wanyama wanaofugwa na wachezaji waliubeba hadi mijini, na Ironforge ya Alliance na Orgrimmar ya Horde zikajaa mifupa. Wachezaji wageni walikufa kwa sekunde chache.

Uwezo wa Orc na baraka za Paladin havikuuzuia. Kilicholeta tofauti ni tabia za watu. Waponyaji wengine walikimbilia mijini kusaidia wasiowajua. Wengine walikimbilia porini wakajitenga. Wengine walikwenda kushangaa, wakaupata na kuusambaza, na wachache waliueneza kwa makusudi. Kampuni iliishia kuanzisha upya seva ili kuufuta. Watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases, wakieleza kwamba dunia za michezo zinaweza kuwasaidia wataalamu kuelewa watu wanavyojibeba wakati wa mlipuko.

Ukuta umeshushwa

Mwaka 2009 Blizzard ilianza kuuza huduma ya kumhamisha mhusika kutoka kambi moja kwenda nyingine. Bei yake imekuwa dola 30 za Marekani kwa mhusika mmoja, mbali na ada ya mwezi ya karibu dola 15 kwa bei ya Marekani. Wengi walilipa, na wengi wao walilipa kwa sababu marafiki walikuwa wameshahamia ng'ambo ya pili.

Mwezi Mei 2022 kampuni iliwaruhusu Alliance na Horde kuingia pamoja katika reidi na mapango mengi. Mei 2023 ikaruhusu gildi moja kuwa na watu wa kambi zote mbili. Kwa mzazi hii ni habari ya mfukoni pia. Mtoto akija na hoja kwamba lazima alipiwe kuhamia Horde ili acheze na rafiki zake, muulize kwanza kama hao rafiki hawawezi kumwalika pale pale alipo. Mara nyingi jibu litakuwa wanaweza.

Hatua hizo zinaonyesha pia jambo ambalo kampuni yenyewe ilikubali baada ya miaka karibu 18: kilichowabakisha watu mchezoni kilikuwa watu wenzao, kuliko rangi ya bendera.

Wazazi wa Mats Steen

Hakuna waliolijua hilo kwa uchungu kama Robert na Trude Steen wa Norway. Mtoto wao Mats alizaliwa na maradhi ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Alipokua alitumia kiti cha magurudumu, na mwishoni aliweza kusogeza vidole tu. Saa nyingi alizimalizia mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Wazazi wake walimpenda na kumhudumia, lakini waliamini ameishi maisha ya upweke, bila marafiki.

Mats alifariki dunia Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake aliandika taarifa ya kifo kwenye blogu ya mwanawe, akidhani wachache wangeisoma. Barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Waliandika watu wa gildi ya Starlight, waliomjua Mats kwa jina la mhusika wake, Ibelin. Baadhi yao walisafiri hadi Norway kumzika. Mmoja wa waliomkumbuka ni mama aliyesaidiwa na Mats kutafuta njia ya kuwa karibu na mwanawe mwenye usonji, kupitia mchezo huo huo. Simulizi hiyo ilitengenezewa filamu ya maisha halisi, The Remarkable Life of Ibelin, iliyoonyeshwa mwaka 2024.

Robert na Trude walimwona mtoto wao akicheza kwa miaka mingi. Marafiki zake waliwajua baada ya kifo chake.

Si kila mtoto anayecheza ni Mats. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye ulemavu, ambaye milango mingine mingi ilikuwa imefungwa mbele yake. Mtoto wa miaka 15 mwenye afya anahitaji jua, mpira, masomo na usingizi. Ila swali ambalo wazazi hao hawakuwahi kulipatia jibu mapema, mzazi anayesoma hapa bado ana muda wa kuliuliza: mwanangu, unacheza na nani?

Saa za Ulaya, usingizi wa hapa

Swali la pili ni saa ngapi, na hapa ndipo afya inapoguswa moja kwa moja. World of Warcraft haina seva Afrika. Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida huingia kwenye seva za Ulaya, na gildi za Ulaya hupanga reidi kwa saa zao.

Fanya hesabu. Reidi ikipangwa kuanza saa mbili usiku kwa saa za Paris, huku kwetu inaanza saa tatu usiku wakati wa kiangazi cha Ulaya. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi inaanza saa nne usiku. Mzazi aliyeko Muscat aongeze saa moja nyingine. Reidi ya saa tatu iliyoanza saa nne usiku itakwisha saa saba usiku. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule atakuwa amelala saa nne, tena kama usingizi utamjia mara tu baada ya vita.

Wataalamu wa American Academy of Sleep Medicine wanashauri mtoto wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Anayelala nusu ya hapo hukosa utulivu darasani, husahau alichosoma na hukasirika haraka. Mzazi huona hasira hizo akadhani ni mchezo umemharibu tabia, kumbe mtoto ana deni la usingizi la wiki nzima.

Lini uanze kuwa na wasiwasi

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali kama tatizo la kiafya katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili kuu ni tatu. Mtu anashindwa kujizuia, yaani hawezi kupanga aanze lini na aache lini. Mchezo unatangulia kila kitu kingine, hadi chakula, usafi na marafiki. Na anaendelea kucheza hata pale madhara yanapoonekana wazi. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu angalau miezi 12 na kuharibu masomo, kazi au uhusiano wa mtu na familia yake. WHO inasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaofikia hapo.

Kuchelewa mezani mara mbili kwa wiki si ugonjwa. Mtoto aliyeacha mpira, aliyeshuka sana darasani na anayedanganya ili acheze usiku anahitaji msaada, na safari hiyo inaweza kuanzia kwa mwalimu wa ushauri shuleni au daktari wa kituo cha afya kilicho karibu.

Cha kufanya wiki hii

Kaa naye nusu saa akicheza, bila kumhukumu. Muulize yuko kambi gani, kazi yake ni ipi, na nani kiongozi wa gildi yake. Muulize watu hao wana umri gani na wanaongea nini. Gildi nyingi zina watu wazima, kwa hiyo mtoto ajue mapema kwamba jina lake kamili, shule yake, picha zake na namba ya simu havitolewi kwa mtu yeyote humo, hata awe rafiki wa mwaka mzima.

Omba ratiba ya reidi iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, tena kwa saa za hapa nyumbani. Mkubaliane siku za kucheza na saa ya kuzima kabla siku haijafika. Kama gildi yake inaanza saa nne usiku, atafute nyingine inayocheza mchana wa Jumamosi au Jumapili. Zipo, na sasa kwa kuwa kambi zinachanganyika, uwanja wa kuchagua ni mpana zaidi.

Ukihitaji kumwita, mpe taarifa kabla. Reidi ina mapumziko kati ya zimwi moja na jingine, na mponyaji anaweza kuaga wenzake akaondoka kwa heshima. Akaunti ya Battle.net, ambayo ndiyo mlango wa mchezo huu, ina sehemu ya wazazi inayokuwezesha kuweka saa za kucheza, kufunga mazungumzo ya sauti na kupokea taarifa ya muda aliotumia. Itumie mtoto akijua. Ukiitumia kwa siri, utakuwa umerudi kwenye kuchomoa waya.

Ikibidi kuuchomoa, fanya hivyo kwa sababu makubaliano yamevunjwa, naye awe anaijua sababu hiyo.

Jumanne iliyofuata, mama yule anasimama mlangoni saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya kupakua.

"Mnapumzika saa ngapi?"

Kijana anatoa hedifoni sikio moja. "Tukimaliza hili, mama. Kama dakika nane hivi."

"Waambie wenzako saa moja kamili unakula."

Anawaambia. Saa moja na dakika mbili anavuta kiti mezani, na mama anamuuliza kama lile zimwi limeanguka.